Kila tovuti na akaunti yake: mwongozo kamili wa kutenganisha wateja kwenye seva moja

Fundi wa tovuti anayefanya kazi Dodoma mara nyingi huwa na seva moja tu ya kukodi, na ndani yake amewapanga wateja wa kila aina: kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Kibaigwa, kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo, shule ya sekondari wilayani Kondoa, Saccos ya watumishi, duka la vifaa vya ujenzi. Gharama inagawanyika, kila mteja analipa kidogo, na kazi inakwenda. Hatari imejificha mahali ambapo wateja hao hawapaoni. Fundi asipochukua hatua, skripti zote za PHP (lugha ya programu inayoendesha tovuti hizo), za kiwanda na za shule, zinaendeshwa na akaunti moja ya mfumo, ambayo kwenye Ubuntu na Debian inaitwa www-data na kwenye Rocky Linux na jamaa zake inaitwa apache. Ni sawa na nyumba ya wapangaji ambayo vyumba vyote vinafunguka kwa ufunguo mmoja.

Kwa hiyo plagini chakavu kwenye tovuti ya duka la vifaa inatosha kuiangusha shule. Mdukuzi aliyeingia kupitia plagini hiyo tayari anafanya kazi kwa jina la www-data, na www-data ana ruhusa ya kusoma faili la wp-config.php la shule, yaani faili la mipangilio ya WordPress. Analisoma, anachukua nenosiri la hifadhidata, kisha anazipata namba za simu za wazazi na matokeo ya wanafunzi bila kuvunja kitu chochote upande wa shule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na wanaochakata taarifa za watu wazilinde, na fundi anayeshika seva hawezi kujiweka nje ya wajibu huo kwa hoja kwamba tovuti iliyoingiliwa kwanza ilikuwa ya mteja mwingine.

Tiba yake ni kumpa kila mteja akaunti yake ya Linux na kuhakikisha skripti zake zinaendeshwa na akaunti hiyo peke yake. Hapo anayezuia ni kerneli yenyewe, kiini cha mfumo wa Linux, nayo haiangalii kama PHP imedanganywa au la. Inaangalia namba ya mtumiaji na ruhusa za faili, basi. Ninalisisitiza hili kwa sababu mafundi wengi hutegemea vizuizi vilivyo ndani ya PHP, kama vile open_basedir, inayoiwekea PHP mipaka ya folda, na orodha ya amri zilizofungwa. Vizuizi hivyo vina msaada wake, lakini si mpaka wa kutegemea. PHP yenyewe iliwahi kuwa na kitu kilichoitwa safe_mode, kilichojaribu kufanya kazi ya mfumo wa uendeshaji kutoka ndani ya lugha, na kikaondolewa kabisa katika toleo la 5.4 mwaka 2012.

Njia za kutenganisha zimekuwepo kwa muda mrefu. Apache, mojawapo ya programu za kutoa kurasa za tovuti, ina suEXEC kwa ajili ya skripti za CGI. SuPHP ilipendwa sana zamani lakini utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2013, na asiwepo mtu wa kuiweka kwenye seva mpya leo. Chaguo langu ni PHP-FPM, ambayo imo ndani ya PHP tangu toleo la 5.3.3 la mwaka 2010. Hii huanzisha mchakato mkuu mmoja wenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), na mchakato huo huzaa vikosi vya michakato midogo, kila kikosi kwa jina la mtumiaji wake. Mfano wote hapa chini ni wa Ubuntu 24.04 yenye PHP 8.3 na Nginx, programu inayopokea maombi ya vivinjari. Kwenye matoleo mengine njia za mafaili hubadilika kidogo, lakini mantiki ni ileile.

Hatua ya kwanza: akaunti na folda

Tuanze na mteja wa alizeti. Folda kuu ya wateja wote iwe mali ya root, na ipewe ruhusa ya 711, ili kila mtumiaji aweze kupita kwenda kwake bila kuweza kuorodhesha majirani zake ni akina nani.

```
sudo mkdir -p /srv/www
sudo chmod 711 /srv/www
sudo groupadd wateja
sudo useradd -M -U -G wateja -d /srv/www/alizeti -s /usr/sbin/nologin alizeti
sudo usermod -aG alizeti www-data

sudo install -d -o root -g alizeti -m 750 /srv/www/alizeti
sudo install -d -o alizeti -g alizeti -m 750 /srv/www/alizeti/umma
sudo install -d -o alizeti -g alizeti -m 700 /srv/www/alizeti/vipindi
sudo install -d -o alizeti -g alizeti -m 700 /srv/www/alizeti/muda
sudo install -d -o alizeti -g alizeti -m 700 /srv/www/alizeti/logi
```

Mstari wa tano unahitaji maelezo. Nginx inaendelea kuendeshwa na www-data, na ni lazima isome picha na mafaili ya mitindo ya tovuti, ndiyo maana tunaiingiza www-data katika kundi la mteja. Usifanye kinyume chake hata siku moja: mteja akiingizwa katika kundi la www-data, anapata ruhusa ya kila kitu ambacho kundi hilo linaruhusiwa, na kazi yote inabomoka. Folda ya /srv/www/alizeti yenyewe ni ya root, na mteja hawezi kuandika chochote moja kwa moja ndani yake. Tutakuja kuona katika sehemu ya SFTP (njia salama ya kupandisha mafaili) kwa nini imepangwa hivyo.

Ukishaweka mafaili ya tovuti ndani ya umma, rekebisha umiliki na ruhusa:

```
sudo chown -R alizeti:alizeti /srv/www/alizeti/umma
sudo find /srv/www/alizeti/umma -type d -exec chmod 750 {} +
sudo find /srv/www/alizeti/umma -type f -exec chmod 640 {} +
sudo chmod 600 /srv/www/alizeti/umma/wp-config.php
```

Faili lenye manenosiri linapewa 600 kwa sababu PHP sasa inaendeshwa na mwenye faili, hivyo Nginx haina haja ya kulisoma kabisa. WordPress ikijisasisha inaweza kuyapa mafaili mapya ruhusa ya 644. Hilo lisikusumbue, kwa kuwa folda ya juu yenye 750 inamzuia jirani kabla hajalifikia faili lolote. Ruhusa ya 777, ambayo wengi huiweka pale picha inapokataa kupanda, haina kazi tena, na ukiiona popote iondoe.

Hatua ya pili: kikosi cha PHP

Andika faili jipya /etc/php/8.3/fpm/pool.d/alizeti.conf:

```
[alizeti]
user = alizeti
group = alizeti
listen = /run/php/alizeti.sock
listen.owner = www-data
listen.group = www-data
listen.mode = 0660
pm = ondemand
pm.max_children = 5
pm.process_idle_timeout = 20s
pm.max_requests = 500
php_admin_value[session.save_path] = /srv/www/alizeti/vipindi
php_admin_value[session.gc_probability] = 1
php_admin_value[upload_tmp_dir] = /srv/www/alizeti/muda
php_admin_value[error_log] = /srv/www/alizeti/logi/php.log
php_admin_flag[log_errors] = on
```

Mistari ya listen ndiyo inayokosewa zaidi. Soketi ya faili, yaani njia ya mawasiliano inayoonekana kama faili, ina mwenyewe na ina ruhusa, kwa hiyo ni Nginx peke yake inayoweza kuzungumza na kikosi hiki. Ukiweka badala yake anwani kama 127.0.0.1:9000, umeuacha mlango wazi kwa kila mtumiaji aliye ndani ya seva, kwa sababu namba ya poti haina ruhusa za umiliki. Skripti ya jirani inaweza kuunganisha na poti hiyo, ikatuma ombi la FastCGI (lugha ambayo Nginx huzungumza na PHP-FPM) lililotengenezwa kwa mkono lenye maagizo ya PHP_ADMIN_VALUE, na msimbo wa mdukuzi ukaendeshwa kwa jina la alizeti. Hata soketi ya faili iliwahi kuwa na udhaifu huo: hadi mwaka 2014 ruhusa yake ya kawaida ilikuwa 0666, ndipo ikapunguzwa kuwa 0660. Ukikuta mwongozo wa zamani unaokushauri kuirudisha 0666 ili kuondoa kosa la 502, usiufuate. Kosa hilo mara nyingi linatokana na listen.owner isiyolingana na mtumiaji wa Nginx.

Mstari wa session.gc_probability nao una sababu yake. Debian na Ubuntu zimezima usafishaji wa vipindi (sessions, yaani mafaili yanayowakumbuka watumiaji walioingia kwenye tovuti) ndani ya PHP na kuukabidhi kwa kazi ya mfumo inayopita kwa saa maalumu, lakini kazi hiyo husafisha folda iliyotajwa katika php.ini, haizijui folda ulizoziweka katika kila kikosi. Usipowasha usafishaji wa PHP mwenyewe, folda ya vipindi itajaa mafaili madogo mwaka mzima, na siku moja seva itasema diski imejaa wakati bado kuna nafasi tele, kumbe zilizokwisha ni namba za mafaili.

Sasa fungua /etc/php/8.3/fpm/php.ini na uongeze:

```
opcache.validate_permission=1
```

Vikosi vyote vilivyozaliwa na mchakato mkuu mmoja vinashiriki kumbukumbu moja ya opcache, mahali ambapo PHP huhifadhi skripti zilizokwisha kutafsiriwa. Bila mstari huu, skripti ya jirani iliyokwisha kuhifadhiwa inaweza kutolewa kwa kikosi kingine bila kuuliza kama mwombaji ana ruhusa ya kulisoma faili lenyewe. Kwa mteja mwenye taarifa nyeti hasa, kama Saccos yenye mikopo ya wanachama, mimi ninapendelea kumwanzishia mchakato mkuu wake mwenyewe kama huduma tofauti ya systemd, ili hata kumbukumbu hiyo asishiriki na mtu.

Kikosi cha kawaida kiitwacho www bado kipo na kinaendeshwa na www-data. Kizime, lakini baada ya kuwa na angalau kikosi kimoja cha mteja, kwani PHP-FPM inakataa kuwaka bila kikosi chochote.

```
sudo mv /etc/php/8.3/fpm/pool.d/www.conf /root/
sudo php-fpm8.3 -t
sudo systemctl restart php8.3-fpm
```

Hatua ya tatu: Nginx

Ndani ya faili la tovuti ya mteja, sehemu zinazotuhusu ni hizi:

```
root /srv/www/alizeti/umma;
disable_symlinks if_not_owner from=$document_root;

location ~* ^/wp-content/uploads/.*\.php$ {
    deny all;
}

location ~ \.php$ {
    include snippets/fastcgi-php.conf;
    fastcgi_pass unix:/run/php/alizeti.sock;
}
```

Sehemu ya kuzuia PHP katika folda ya picha lazima itangulie, kwa sababu Nginx hupitia vielelezo vya namna hii kwa mpangilio wa kuandikwa na kusimama kwenye cha kwanza kinacholingana.

Mstari wa disable_symlinks unaziba tundu ambalo watu wengi waliokwisha kutenganisha akaunti hulisahau. Nginx inaweza kusoma mafaili ya wateja wote, kwa kuwa tumeiingiza katika makundi yao yote. Mtu aliyeingia kwenye tovuti ya alizeti hawezi kulisoma faili la shule yeye mwenyewe, lakini anaweza kutengeneza kiungo ndani ya folda yake:

```
ln -s /srv/www/shule/umma/mipangilio.php soma.txt
```

Kisha anaomba soma.txt kupitia kivinjari, na Nginx, ambayo ina ruhusa, inamletea msimbo wa shule kama maandishi ya kawaida. Kwa agizo hilo, Nginx inakataa kiungo chochote ambacho mmiliki wake si mmiliki wa faili linaloelekezwa. Na pale faili la manenosiri lilipopewa 600, Nginx isingeweza kulisoma hata kama agizo hili lingesahauliwa. Ninapendelea kuweka vyote viwili.

Wanaotumia Apache wazime kwanza mod_php, moduli inayoendesha PHP ndani ya Apache yenyewe, vinginevyo skripti zitaendelea kuendeshwa na www-data, kisha waelekeze mafaili ya PHP kwenye soketi kwa mod_proxy_fcgi, watumie SymLinksIfOwnerMatch badala ya FollowSymLinks, na wamnyime mteja uwezo wa kubadilisha Options kupitia .htaccess.

Ukimaliza, hakiki kwa nginx -t na uianzishe Nginx upya, ili itambue makundi mapya uliyoyaongeza.

Hatua ya nne: kuthibitisha

Usiamini mipangilio kabla hujaijaribu. Weka faili nani.php lenye mstari huu ndani ya umma:

```
<?php echo shell_exec('id');
```

Ukilifungua kwa kivinjari, jibu linapaswa kuanza na uid ya alizeti. Likionyesha www-data, bado kuna mahali maombi yanapita njia ya zamani. Lifute faili hilo papo hapo. Kisha jaribu kuwa jirani mbaya:

```
sudo -u alizeti ls /srv/www
sudo -u alizeti cat /srv/www/shule/umma/wp-config.php
sudo -u alizeti ls /srv/www/shule
```

Majibu yote matatu lazima yawe "Permission denied". Fanya hivyo kwa kila mteja dhidi ya angalau mwenzake mmoja, na urudie kila unapoongeza mteja mpya.

Hifadhidata, SFTP na kazi za ratiba

Kutenganisha mafaili hakutasaidia kitu ikiwa tovuti zote zinaingia kwenye hifadhidata kwa jina moja. Kila mteja awe na mtumiaji wake mwenye haki juu ya hifadhidata yake tu. Kwenye MariaDB kuna faida nzuri zaidi: kwa kuwa PHP sasa inaendeshwa na akaunti ya kweli ya mfumo, hifadhidata inaweza kumtambua mteja kwa akaunti hiyo, bila nenosiri lolote.

```
CREATE DATABASE alizeti;
CREATE USER 'alizeti'@'localhost' IDENTIFIED VIA unix_socket;
GRANT ALL ON alizeti.* TO 'alizeti'@'localhost';
```

Ndani ya wp-config.php, nenosiri linaachwa tupu na anwani inabaki localhost. Nenosiri lisilokuwepo haliwezi kuibiwa.

Mteja anayepandisha mafaili mwenyewe apewe SFTP, si FTP ya kawaida ambayo hupitisha nenosiri bila kulificha. Mwishoni mwa /etc/ssh/sshd_config weka:

```
Match Group wateja
    ChrootDirectory %h
    ForceCommand internal-sftp
    AllowTcpForwarding no
    X11Forwarding no
```

SSH inadai kwamba folda ya kumfungia mtumiaji iwe mali ya root na isiandikike na mwingine yeyote, na ndiyo sababu tuliipanga /srv/www/alizeti hivyo tangu mwanzo. Faida nyingine ni kwamba faili linalopandishwa kwa SFTP na faili linaloandikwa na WordPress sasa yana mmiliki mmoja, hivyo yale malalamiko ya mteja kushindwa kufuta picha zake mwenyewe yanakwisha.

Kazi za ratiba zihamishiwe kwa mwenyewe kwa sudo crontab -u alizeti -e. Nimekuta seva nyingi zenye vikosi vilivyotenganishwa vizuri, lakini skripti ya PHP ya mteja inaendeshwa na root kila baada ya dakika chache. Skripti hiyo ikibadilishwa na mdukuzi, seva nzima imekwenda.

Kuhamisha tovuti iliyokuwa ikitumia www-data

Chukua nakala rudufu kwanza, kisha hamisha tovuti moja moja, saa ambazo wageni ni wachache. Ya wakulima wa zabibu usiiguse wakati wa mavuno, wanapoulizwa bei kila saa. Watumiaji waliokuwa wameingia huenda wakatolewa, kwa sababu folda ya vipindi imebadilika. Kama tovuti ilikuwa kwenye Apache na .htaccess yake ina mistari ya php_value, itatoa kosa la 500 mara mod_php inapozimwa. Hamishia mistari hiyo kwenye faili la .user.ini, na ukumbuke kwamba PHP hulisoma upya faili hilo kila baada ya sekunde 300, hivyo usidhani halifanyi kazi kwa sababu badiliko halijaonekana mara moja. Mabaki ya umiliki wa zamani utayapata hivi:

```
sudo find /srv/www -user www-data
sudo find /srv/www -perm -o+w ! -type l
```

Kumbukumbu ya seva

Hofu ya kweli ya mwenye seva ndogo ni kwamba vikosi vingi vitaimaliza kumbukumbu. Tuseme una wateja 20, kila mmoja na michakato mitano, na mchakato mmoja unakula MB 60: wakishambuliwa wote kwa pamoja ni GB 6, kwenye seva ambayo labda ina GB 2. Ndiyo maana nimetumia ondemand, ambayo haiweki mchakato wowote tovuti inapolala. Juu ya hapo, weka kikomo cha jumla kwa process.max katika php-fpm.conf, baada ya kupima kwa ps ukubwa halisi wa michakato yako.

Mpaka wa ulinzi huu

Lazima mteja aambiwe ukweli. Mpangilio huu unamlinda na majirani, haumlindi na udhaifu wa tovuti yake mwenyewe. Tena, kwa kuwa PHP inaendeshwa na mwenye mafaili, mdukuzi aliyeingia kwa alizeti anaweza kuandika juu ya kila faili la alizeti. Kwa tovuti isiyobadilika mara kwa mara, mafaili ya msimbo yanaweza kumilikiwa na root, kundi likabaki la mteja, na folda ya picha peke yake ikaachiwa mteja aiandike. Katika mpangilio huo faili la manenosiri nalo lipewe 640, ili PHP iendelee kulisoma kupitia kundi. Gharama yake ni kwamba masasisho hayatajifanya yenyewe, itabidi fundi ayafanye. Kerneli nayo ni moja kwa wote, hivyo masasisho ya usalama ya mfumo hayana mbadala.

Mteja anapoondoka

Ondoa kwanza faili la Nginx, kisha kikosi, kazi za ratiba, mtumiaji wa hifadhidata na hifadhidata yenyewe, halafu folda, na mwisho akaunti kwa userdel. Ukianza na akaunti na kuyaacha mafaili, yanabaki na namba isiyo na jina, na akaunti mpya utakayofungua inaweza kupewa namba hiyohiyo, mteja mpya akajikuta anamiliki taarifa za aliyeondoka. Kabla ya kumfungulia anayefuata, endesha amri hii na uhakikishe hairudishi chochote:

```
sudo find / -xdev \( -nouser -o -nogroup \)
```